Namna ya Kutokunja Uso

Barua ililetwa na mpishi mwenzangu, na kabla sijaifungua alikuwa amekwisha kuniambia kilichomo. Alisimama mlangoni kwetu, maji ya mvua yakimtiririka mabegani, akaitoa ndani ya shati kwa uangalifu kama mtu aliyeokota kifaranga njiani.

"Ni ile," akasema. "Ile walipatia soja wa geti."

Soja wa geti alikuwa mzee mmoja aliyelinda lango la shule yetu kwa miaka mingi. Mwaka uliotangulia alipewa barua ya kwenda kupimwa macho, na wiki mbili baadaye langoni palikuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyetueleza lililotokea katikati. Sisi wa jikoni tulijijazia wenyewe, na tulijaza vizuri, maana jikoni kuna muda mwingi wa kusubiri maharagwe yaive.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa mpishi katika shule moja ya bweni huku milimani Mbooni. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya miaka kumi na mmoja na niliipenda kuliko nilivyokubali mbele za watu. Ungeniuliza siku zile mimi ni nani, nisingeanza na ukoo wala kanisa. Ningekwambia mimi ndiye ninayepika isyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ya shule nzima, na hayaungui. Mwenzangu aliweza kuunguza hata chai.

Kilichoniumiza ni sufuria. Si sufuria ya nyumbani. Hii ingemmeza mtu mzima aliyechuchumaa. Ilikuwa na masikio mawili, na kuiondoa mekoni tulipitisha mti katika masikio hayo, mmoja akawa huku na mwingine kule, tukahesabu mpaka tatu, tukanyanyua kwa mabega. Siku moja ya mvua sakafu ililowa. Mguu wangu uliteleza tulipofika katikati ya jiko, kiuno kikazunguka upande wake na mimi nikabaki upande wangu. Sikuiachilia. Isyo haikumwagika hata punje moja, na jambo hilo nililitaja sana baadaye, ingawa hakuna aliyeuliza.

Dispensari waliniandikia nipumzike, mwalimu mkuu akakubali, nikapumzika miezi miwili. Barua ilipofika nilikuwa ninatembea vizuri, ninapasua kuni ndogondogo, ninalala bila kugeuzwa. Lakini nikinyanyua kitu kizito huku nimejipinda, upande wa kushoto, juu kidogo ya nyonga, paliingia maumivu ya msumari, halafu mguu ulikufa ganzi hadi kwenye kidole kikubwa. Hilo sikumwambia mtu. Mke wangu alilijua kwa sababu ana macho.

Niliifungua barua mbele ya mwenzangu ili asidhani ninaogopa. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa taipu, mistari sita. Nilifika darasa la saba, kwa hiyo niliisoma polepole, mara tatu. Mwalimu mkuu alifurahi kusikia naendelea vyema. Kabla sijarudi kazini, shule ingependa, kama mimi mwenyewe ningependa, nionwe na daktari katika hospitali ya huko chini tambarare, kwa gharama ya shule, ili ijulikane namna bora ya kunirudisha.

Kilichonitia baridi ni hayo maneno ya kama ningependa. Mwalimu mkuu yule hakuwahi kuniuliza kama ningependa kupika kabichi siku tatu mfululizo. Leo ananiuliza kama ningependa daktari. Mtu mkubwa akianza kukuuliza unachopenda, kuna kitu anakichukua kwa mkono mwingine. Ndivyo nilivyoona wakati ule, nami sijawahi kuwa mwepesi wa kuamini.

"Sasa utaenda?" mwenzangu akauliza.

"Nitaenda."

"Na wakikupata uko mgonjwa?"

"Hawatanipata niko mgonjwa," nikasema. Nilisema kwa sauti, kwa hasira, kabla akili haijafika. Nikishasema kitu kwa namna hiyo huwa sirudi nyuma, hata kama ni upuuzi, na watu wa kwetu wananijua hivyo.

Baba alikuwa barazani kwake, hatua chache kutoka mlango wetu, akitengeneza mzinga wa nyuki. Alisikia neno daktari, akasikia neno kupimwa, akaweka patasi chini.

"Medikali!" akasema, na nilimwona akinyooka mgongo kama mtu aliyeitwa jina.

Lazima nieleze, maana msomaji wa kwingine atatucheka bila sababu. Kwetu Ukambani, kupimwa na daktari kwa ajili ya kazi kulikuwa na maana moja tu: kuandikwa jeshi. Karibu kila boma lilikuwa na mtu aliyewahi kusimama uwanjani kifua wazi, akatazamwa meno, akagongwa kifua, akaambiwa kimbia, kisha akaambiwa pita au akaambiwa nenda nyumbani. Aliyeambiwa nenda nyumbani aliulizwa sababu mpaka akazeeka. Mimi mwenyewe nilirudishwa nikiwa kijana kwa ajili ya nyayo bapa, na mpaka leo kuna shangazi anayetazama miguu yangu kabla ya kunisalimu. Kwa hiyo barua ile ilipotua nyumbani, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba daktari anaweza kukupima kwa nia nyingine. Kulikuwa na kupita na kulikuwa na kuanguka. Nikajiapiza kwamba safari hii sitaanguka.

Na nani angenifundisha kupita kuliko baba? Yeye alipita. Habari hiyo tulilelewa nayo. Akiwa kijana alikwenda kumtembelea mjomba wake Kitui, akapanda mti kurina asali, tawi likakatika, akaangukia goti. Wiki moja baadaye wazungu walikuja kuandika askari wa vita vyao. Goti lilikuwa limevimba kama kibuyu. Baba alifunga kitambaa, akafungua kitambaa, akajipanga kwenye foleni. Daktari mzungu alimwambia ruka, akaruka. Akamwambia chuchumaa, akachuchumaa. Akamshika goti lenyewe, akalizungusha, akamtazama usoni.

"Sikukunja uso," baba alikuwa akisema hapo, kila mara, na kila mara alisubiri tushangae. "Hata ukope haukuruka. Daktari akasema pita."

Akapita, akapelekwa ng'ambo, akabeba mizigo milimani na matopeni miaka mitatu juu ya goti hilo. Sehemu hiyo hakuisimulia. Aliporudi alikuwa anaburuta mguu wa kulia, na aliuburuta maisha yake yote, na nyumbani kwetu hakuna mtu aliyesema baba anachechemea. Tulisema anatembea taratibu. Wageni wakiuliza, mama alisema huo ni mwendo wa askari.

Kesho yake asubuhi mafunzo yakaanza. Nyumbani tulizungumza Kikamba, lakini baba akitaka kuamuru aligeukia Kiswahili cha jeshini, na sauti yake yenyewe ilikuwa ngeni.

"Simama sawa! Kifua mbele! Tumbo ndani!"

Nilikuwa na umri wa karibu miaka arobaini, baba wa watoto wanne, nimesimama sawa katikati ya kuku. Alinigonga kifua kwa vifundo vya vidole. Alinitazama meno. Aliniambia nikohoe. Alinipeleka kwenye ile njia ya mlimani ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili, akaniambia panda, shuka, panda, huku yeye ameketi juu ya jiwe akihesabu. Nilipanda. Sikuwa na mchezo. Nilipokuwa ninapanda nilikuwa ninaiona ile sufuria na mti wake, na mtu mwingine ameshika upande wangu, nami nilichukia sana kumwona mtu huyo.

Lakini hayo yote, baba alisema, ni ya watoto. Kazi yenyewe ni uso. Alitoa kile kioo chake cha kunyolea, akakitundika kwenye nguzo ya ghala, akaniambia nijitazame. Kisha akapita nyuma yangu akatafuta kwa kidole gumba, akitomasatomasa, mpaka akapapata mahali penyewe. Sikuwa nimemwonyesha. Akabonyeza.

"Umekunja," akasema.

"Sikukunja."

"Nyusi. Tena."

Siku ya kwanza uso wangu ulijikunja wote kama soksi. Siku ya nne ilibaki midomo. Ilipofika wiki ya pili nilikuwa na uso wa mtu anayesubiri basi. Baba alibonyeza kwa nguvu zote, na kiooni aliniangalia mtu mtulivu, asiye na habari, na machozi tu ndiyo yaliyokuwa yakikusanyika kwenye kona ya jicho. Hayo, baba alisema, yanaweza kuwa ni vumbi.

Aliyepinga ni mke wangu, na alipinga kwa taabu, kwa sababu kwa adabu za kwetu mke hambishii baba mkwe. Hata jina lake halitaji, hata njiani anampisha mbali. Kwa hiyo alizungumza na mbuzi. Tulikuwa na mbuzi mmoja jike aliyefungwa karibu na ghala, na kila asubuhi baba alipoanza kubonyeza, mke wangu alikuja na majani.

"Wewe mbuzi," alimwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "ukirudi kazini uvunjike kabisa, nani atakuogesha? Ni jeshi itakuogesha? Ni mimi."

Baba alijifanya hasikii. Baada ya kitambo, akitazama mlima, aliuambia mlima kwamba wanawake hawajui medikali. Mke wangu akamwambia mbuzi kwamba kweli, yeye anajua tu mgongo wa nani unalia usiku. Mimi nilikuwa katikati, nimesimama sawa, kifua mbele, nikicheka kwa ndani bila kukunja uso. Lakini sikuacha. Jumapili nilisimama kanisani nikaomba wapendwa waniombee nipite. Sikueleza ninapita nini, na kwa kuwa ilikuwa majira ya mitihani, nadhani wengine waliombea watoto wangu.

Siku yenyewe baba alivaa koti lake zito na viatu vilivyopakwa rangi mpaka vikang'aa, akasema tunaenda wote. Nilimwambia kuna mteremko mrefu hadi barabarani. Aliniuliza nilimwona lini akishindwa na mteremko. Tukashuka taratibu, tukapanda basi la asubuhi, na saa nne tulikuwa kwenye benchi la hospitali, chini ya paa la mabati, katika lile joto la tambarare ambalo sisi watu wa Mbooni hulitukana kwa heshima. Jina langu liliitwa. Baba alinishika mkono.

"Kumbuka uso," akaninong'oneza.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu, mwenye miwani na sauti ya kukatakata. Hilo baba hakunifundisha. Niliingia, nikapiga kisigino, nikasimama sawa.

"Karibu. Keti."

Nikabaki nimesimama, maana hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna kuketi.

"Nimesema keti, bwana. Wewe ndiye mpishi? Niambie iliendaje."

"Niliteleza tu, daktari."

"Na sasa unajisikia aje?"

"Sasa niko sawa kabisa."

Akanitazama juu ya miwani. Akaniambia nivue shati, niiname, ninyooke, nijipinde kulia, nijipinde kushoto. Nilijipinda kushoto na msumari ukaingia. Uso ulisubiri basi. Akaniambia nilale kitandani, akaunyanyua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, polepole, akiniangalia. Moto ulishuka kutoka nyonga hadi kidoleni.

"Panauma?"

"Hapana."

"Mbona unatoka jasho?"

"Huku kwenu kuna joto, daktari. Sisi tumezoea baridi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonitisha baadaye, kwamba nilijua kuchagua kweli ya kufunikia uongo. Akanigeuza kifudifudi, akabonyeza mgongo kwa vidole viwili, pingili kwa pingili, akiuliza hapa, hapa, hapa. Alipofika mahali penyewe hakubonyeza hata nusu ya nguvu za baba.

"Hapa?"

"Hapana."

"Basi mgongo wako ni mzuri kuliko wangu," akasema, akarudi mezani. Nilivaa shati nikiwa na furaha iliyonijaa mpaka kooni. Nilikuwa nimepita! Miaka ishirini baada ya zile nyayo bapa, nilikuwa nimepita.

Alikuwa anaandika, na akaongea huku akiandika, bila kuinua kichwa.

"Mwalimu mkuu wako ni mtu wa maana. Ameniandikia barua ndefu. Anataka nimwambie ni kazi gani usipewe. Anauliza kama watengeneze toroli ya kubebea hiyo sufuria, ama waongeze mtu wa kunyanyua, wewe ubaki kupika. Anasema shule haitaki kukupoteza. Sasa nitamwambia hakuna haja."

Nilisikia kila neno. Nilijua papo hapo kwamba nimefanya ujinga. Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kusema. Lakini nilikuwa nimejizoeza wiki mbili, na uso ule ulikuwa umeshika, ukaendelea kufanya kazi hata ambapo hakuna aliyebonyeza. Nikapokea karatasi. Ilisema ninafaa kwa kazi zote. Nikashukuru, nikatoka.

Baba aliniona kutoka mwisho wa benchi. Alisimama upesi, upesi kuliko alivyoweza, akaja kunilaki akikatiza ua wa hospitali, na kwa kuwa alikuwa na haraka alisahau kuuficha mguu. Ua ulikuwa wa mchanga mwekundu uliokuwa umetoka kufagiliwa. Mguu wa kushoto uliacha nyayo. Wa kulia uliacha mstari, mmoja, mrefu, kutoka kwenye benchi mpaka nilipokuwa.

"Umepita?"

"Nimepita."

Akapiga saluti. Mzee wa miaka sitini na zaidi, mbele ya wagonjwa na wauguzi, alinipigia mimi saluti, na macho yake yalilowa, na hayakuwa na vumbi.

"Kama mimi!" akasema. "Kama mimi kabisa!"

Niliutazama ule mstari mchangani. Niliona mti wa sufuria begani mwangu wiki ijayo, na mwaka ujao, na nikajiona mimi nikikatiza ua wa mtu fulani, na watoto wangu wakiwaambia wageni kwamba baba anatembea taratibu. Niliogopa kuliko nilivyoiogopa barua. Nilimpenda baba sana saa ile, na sikutaka kuwa kama yeye.

"Baba, ningoje hapa," nikasema.

"Umesahau kitu?"

"Ndiyo."

Nimefanya mambo magumu kadhaa katika maisha yangu. Nimezika mama, nimelikomboa shamba kwa sururu mwaka ambao mvua iliyabeba matuta yote. Lakini zile hatua kumi za kurudi kwenye mlango wa daktari nilizipiga kwa kuuma meno. Nilijua baba ananitazama mgongoni. Nilijua kwamba kwa hesabu yake, aliyepita harudi ndani.

Sikubisha hodi vizuri. Daktari alikuwa amekwisha kuita mgonjwa mwingine, mama mmoja, nikamwomba huyo mama radhi, nikasimama mbele ya meza.

"Nimekudanganya," nikasema. "Panauma. Ni hapa, upande huu. Nikibeba nikijipinda, mguu unakufa ganzi mpaka kidole."

Aliweka kalamu chini. Alikasirika, na alikuwa na haki.

"Unajua ningekurudisha kubeba hiyo sufuria? Unajua ungeanguka nayo? Kwa nini unanidanganya mimi? Mimi nimekukosea nini?"

Nikamweleza. Sikupanga, nilieleza yote: soja wa geti, kioo cha kunyolea, kidole gumba cha baba, uso wa kusubiri basi. Mwanzoni alikaza midomo. Halafu alicheka mpaka akavua miwani, na yule mama aliyekuwa kwenye kiti akacheka pia, akasema mume wake ni hivyo hivyo. Kisha daktari akaacha kucheka, akauliza baba yangu ana miaka mingapi, akanipokonya ile karatasi, akairarua.

Mara ya pili alipobonyeza nilikunja uso wa wiki mbili zote. Nililia kwa sauti bila aibu, na kusema kweli ilikuwa raha. Aliandika karatasi nyingine: nisinyanyue mzigo, peke yangu wala na mwenzangu, mpaka atakaponiona tena; kupika ninaweza; shule itafute njia ya kuhamisha sufuria. Akanionyesha mazoezi matatu ya kufanya nikiwa nimelala sakafuni, na nilipomwuliza kama nitafukuzwa, alisema yeye haajiri wala hafukuzi, lakini ile barua aliyoisoma haikuwa barua ya mtu anayefukuza.

Na sikufukuzwa. Fundi wa shule aliunda toroli la chuma, likapiga kelele kama treni, na nikapika isyo miaka mingine kumi na minne. Yule soja wa geti nilikutana naye sokoni baadaye, nikamwuliza daktari alimwambia nini. Akasema daktari gani? Alipoiona barua alifunga virago usiku huohuo, akaenda kwa binti yake, asije akaaibishwa. Hakupimwa kabisa. Nilisikitika sana, kwa ajili yake na kwa ajili ya porojo zetu za jikoni.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilitoka kwa daktari mara ya pili, na baba alikuwa amerudi kuketi kwenye benchi. Hakusimama. Nikaketi kando yake, karatasi mkononi. Nilikuwa tayari kwa Kiswahili cha jeshini.

"Umemwambia," akasema kwa Kikamba.

"Nimemwambia."

"Amekufukuza?"

"Hapana. Ameniuliza panauma wapi, nikamwonyesha. Amesema nisibebe. Nitapika."

Mbele yetu mfagiaji alikuwa akipita na ufagio wake, akaufuta ule mstari mchangani pamoja na nyayo zangu. Baba alimwangalia mpaka akamaliza.

"Ile barua yako," akasema, "iliuliza kama ungependa."

"Ndiyo."

"Sisi hatukuulizwa."

Kisha akainama, akashika upindo wa suruali ya mguu wa kulia, akaanza kuukunja. Aliukunja taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka juu ya goti. Nilikuwa nimeishi karibu miaka arobaini katika boma moja na mtu huyu na sikuwahi kuliona goti hilo. Lilikuwa limepinda kwa ndani, limevimba upande mmoja, ngozi inang'aa. Aliweka kidole gumba juu yake, kilekile kilichonibonyeza mimi, akabonyeza kidogo tu.

"Mimi ni hapa," akasema.

Na uso wake ukakunjika wote, paji, macho, midomo, uso wa mzee ambao sikuwahi kuuona.

Nililia. Halafu nikamshika mkono, nikamwinua. Akauliza tunaenda wapi, nikamwambia hapo tu. Aligoma hatua moja, nikavuta, maana mimi pia ni mkaidi na ni yeye aliyenizaa. Yule mama alikuwa anatoka, akatushikia mlango.

"Wewe tena?" daktari akasema.

"Mara hii si mimi, daktari."

Baba alikuwa amepiga kisigino, amesimama sawa, kifua mbele, suruali bado imekunjwa juu ya goti. Daktari alilitazama goti, akamtazama usoni, kisha akasukuma kiti mbele.

"Keti, mzee," akasema.

Baba akaketi.